Tarumbeta Hajaja Kunywa Kahawa

Toka tuhamishiwe kwenye haya maghorofa ya pembeni mwa Addis Ababa, hatuna la kulalamikia, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Maji bombani, umeme ukutani, mkate wa bei nafuu, zahanati hapo ng'ambo. Kijiwe chetu kiko chini ya ngazi, kwenye vigoda vya dada Yeshimebet na jiko lake la mkaa. Wa kila siku ni Waziri, karani mstaafu ambaye hajawahi kuwa waziri wa chochote, Breki, dereva anayekatiza kila hoja, mimi, na mzee Tarumbeta. Kule mtaa wa zamani, mtu akifa, ndiye aliyepuliza baragumu alfajiri kuwaita wanachama wa chama cha kuzikana. Huku chama hakikufufuliwa. Na tangu juzi kigoda chake kitupu.

— Jamani, Tarumbeta yuko wapi? nikauliza. Yule haachi kahawa hata akiwa na homa. Na kile kikohozi chake…

— Usitutie kiwewe, akasema Waziri. Hii ni jamii iliyokamilika, bwana. Mtu ana nyumba, ana maji, ana mkate. Atapoteaje?

— Imekamilika nini? Breki akadakia. Kule tulikuwa na choo kimoja familia nane, lakini ukipiga chafya tu, jirani anakuja kukupa pole.

— Alikuwa anakuja kuomba chumvi! akajibu Waziri. Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Sasa dhiki imekwisha. Rafiki wa kazi gani?

— Hiyo methali umeivaa ndani nje.

— Imenitosha hivyo hivyo.

Yeshimebet alimimina vikombe vya kwanza, na cha Tarumbeta pia. Breki akanyoosha mkono.

— Asiyekuwepo na lake halipo.

— Kirudishe! akasema Yeshimebet. Hicho cha mzee.

Akakirudisha, akajikuna kidevu.

— Basi kaenda kwa binti yake.

— Ana binti? nikauliza.

— Kila mzee ana binti mahali.

— Labda kaenda mlimani Entoto kwenye maji ya baraka, akasema Yeshimebet. Kifua kilikuwa kinambana.

— Wala! Waziri akapiga goti lake. Kachukuliwa na wataalamu. Wanatafuta watu walioridhika, wawapime damu, wajue siri yao.

— Tarumbeta karidhika? akauliza Breki. Si ndiye aliyekuwa akituganda kila asubuhi turudishe chama? Aliogopa atakufa humu asipate wa kumbeba.

— Nami nikamjibu vizuri tu, akasema Waziri. Kuzikwa si hitaji la msingi.

— Ukamjibu, akasema Yeshimebet bila kumtazama, na hawa wakacheka.

Hakuna aliyecheka sasa. Mzunguko wa pili ukamiminwa. Hapo akaja dada mmoja na beseni la nguo, Hirut, aliyehamia mwezi huu kutoka Gondar. Akachuchumaa, akasikiliza, akashangaa.

— Sasa si mkamgongee? Anakaa mlango gani?

— Ghorofa ya tatu, akasema Waziri.

— Ya nne, akasema Breki.

— Upande upi?

Tukatazama juu. Madirisha yote sawa, mapazia yote yamefungwa. Mtu tumekunywa naye kahawa tangu tuhamie, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuvuka kizingiti chake. Niliogopa, nasema kweli.

Yeshimebet akaliondoa birika la udongo motoni kabla ya mzunguko wa tatu, ule wa baraka, ambao kwetu mtu haondoki bila kuunywa.

— Inukeni, akasema.

Tukaanzia mlango wa kwanza wa ghorofa ya tatu. Akafungua kijana ambaye sikuwahi kumwona.

— Samahani, jirani, Waziri akasema. Tunamtafuta mzee mmoja. Tarumbeta.

— Hilo si jina la mtu, baba. Anaitwa nani?

Waziri akanigeukia mimi. Nami nikamgeukia Breki, lakini Breki alikuwa keshapanda ngazi, anagonga kila mlango.