Kisamvu cha Mama Mkwe

Bwana asifiwe, wapendwa! Nimewasikia mlioitikia, na nimewasikia mlionyamaza. Sawa. Hata mimi ningekuwa nimekaa hapo, halafu anasimama yule jamaa aliyekuwa akiniletea vikapu vya matufaha, ningenyamaza. Nivumilieni tu mpaka mwisho.

Wengi mnanijua kama Baba Neema. Kwetu ni Lushoto. Nilikuja Minnesota kusoma kilimo, ada ikakwama mwaka wa tatu, nikaishia kutandika vitanda katika hoteli moja karibu na uwanja wa ndege, hapa Bloomington. Ndugu zangu, mtu aliyekulia kwenye maplamu na mapeasi, kutwa nzima anakunja mashuka ya watu! Niliona aibu hata kuandika barua nyumbani. Ndipo nikakodi bustani ya matufaha ya bibi mmoja mjane, mwendo wa nusu saa kusini mwa Apple Valley, mashambani kabisa. Nikaipogoa, nikaipalilia, ikazaa mpaka bibi mwenyewe akashangaa. Mpaka hapo ilikuwa halali.

Lakini sisi wa Lushoto tuna ugonjwa wetu: hatuwezi kuona nafasi katikati ya miti imekaa bure. Nyumbani ningepanda maharage. Huku mfanyakazi mwenzangu wa hotelini alinipa mbegu za bangi, nikazipanda. Msigune! Nilizipanda kwa utaalamu wote niliofundishwa darasani, mistari minne nyuma kabisa, ambako matufaha yanaificha isionekane barabarani. Kila mwaka yule mwenzangu alichukua yote kabla ya baridi. Na Jumapili mimi huyo hapa na vikapu vyangu, mnaniombea baraka, mchungaji ananiita mkulima wa Bwana! Amina yangu ilikuwa kubwa kuliko zenu zote. Mnafiki mkubwa, mimi.

Siku moja mke wangu alikuja shambani akaiona ile mistari. Akauliza, "Hii nini?" Nikamjibu bila hata kumeza mate, "Kisamvu. Najaribu kama mhogo utakubali huku." Majani yale kwa mbali yanafanana. Mke wangu ni mtoto wa Dar es Salaam, kisamvu anakijua kikiwa kimeshatwangwa sokoni. Aliamini. Akafurahi, masikini, akasema mume wake hashindwi kitu.

Mwaka wa tatu wa bangi akaja mama mkwe kumwona mjukuu. Sasa nyinyi mnajua mkwe kwetu. Sili naye meza moja, simkazii macho, neno langu kwake linapitia kwa binti yake. Mama wa watu alikuwa na mtoto wa jicho, haoni vizuri, na chakula cha huku kilimshinda kabisa. Kila siku anaulizia mboga za nyumbani. Binti yake akamwambia, "Usijali mama, mume wangu amelima kisamvu." Nilikuwa sebuleni, nimesikia kwa masikio yangu. Nikageuza ukurasa wa gazeti.

Jumamosi moja mwezi wa Agosti nikiwa kazini, wakaenda shambani wenyewe alfajiri. Mama alichuma mfuko mzima kwa kupapasa. Kinu hatuna, wakasaga kwenye blenda, wakachemsha mpaka mchana, wakaunga kwa karanga na tui la kopo. Narudi saa tisa alasiri, harufu inanipokea mlangoni. Mke wangu anacheka, "Kisamvu chako hicho! Mama anasema cha huku kina harufu ya ajabu, lakini amemaliza sahani mbili. Mimi nilikuwa nakusubiri."

Hapo ndipo pa kusema, ndugu zangu! Mimi nikafanya nini? Nikajifanya kuteleza, nikaimwaga sufuria nzima sakafuni. Mke wangu asile. Mama aliyekwisha kula, nikamwachia Mungu. Nikapiga magoti nikapangusa sakafu mpaka ikang'aa, na mama mkwe akiwa chumba cha pili anasema, "Mkwe wangu ni mwema, anamsaidia mwanangu kazi."

Haikupita muda akaanza kucheka peke yake. Kisha akalia, akimwita marehemu mumewe. Kisha akatapika, moyo unamwenda mbio, akaanguka kwenye mlango wa bafu. Gari la wagonjwa likaja.

Hospitalini daktari akauliza amekula nini. Mke wangu akamweleza, majani ya mhogo. Daktari akaenda, akarudi na kitabu. Akasema majani ya mhogo yana sumu inayoua, na dalili za mama zinaelekea huko. Ipo dawa ya kuivunja, lakini ni kali, na kwa moyo wa mama ulivyo dawa yenyewe inaweza kumwangusha. Hana muda wa kusubiri vipimo. Anahitaji saini ya familia.

Mke wangu akanipa karatasi. "Baba Neema, saini wewe, mimi siwezi."

Niliomba, wapendwa. Mnajua niliomba nini? Niliomba mama apone bila mimi kusema! Ndiyo maombi ya mkulima wa Bwana hayo. Nimeshika kalamu, nimeshaandika herufi ya kwanza ya jina langu, na moyoni nikasikia neno moja tu: Unamuua. Hakukuwa na radi wala malaika. Nikaiweka kalamu chini. Nikamwambia daktari, "Si mhogo. Ni bangi. Nimeilima mimi." Kisha nikamgeukia mama pale kitandani, nikamtazama usoni kwa mara ya kwanza maishani, nikarudia kwa Kiswahili.

Mke wangu hakupiga kelele. Alisema, "Toka."

Dawa ile haikutumika. Mama alikaa siku mbili, akarudiwa na akili zake. Mimi nilipelekwa kunakostahili, polisi waling'oa mistari yote minne, na bibi mwenye bustani, ambaye hakujua lolote, alipekuliwa mpaka kabatini kwa ajili yangu. Nimetumikia kifungo. Kesi ya uhamiaji bado inanisubiri. Mke wangu na Neema wako Apple Valley, mimi niko peke yangu. Msiniulize kama nina amani. Usingizi ninao, na zamani sikuwa nao.

Wewe uliyekaa hapo na jambo lako, na umelipatia jina zuri, nakusihi, mwamini Yesu leo ukaseme. Atakusimamia. Hakuahidi kwamba utabaki na nyumba yako, mimi sikubaki nayo.

Mwezi uliopita nilimpigia simu mama mkwe, Dar es Salaam, kumwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema nisikanyage kwake, nisimtumie salamu, na siku akifa nisije kumzika. Akakata simu. Ndugu zangu, amesema mwenyewe! Kwa mdomo wake, kwa pumzi yake, kwa sauti kali ya mtu mzima wa afya. Nisaidieni kumshukuru Mungu.