Nukta ya Ziada

Sogeeni, wanangu, maana sauti yangu haivuki tena kitanda hiki, na nitakayosema hayafai kutoka nje ya dirisha. Mimi, Dawudi Rehani Farajala, mtoto wa Sajini Rehani Farajala aliyeletwa nchi hii na jeshi la Mwingereza, nina akili zangu timamu. Kulusum, kaa hapo ulipo. Faruk, weka chini kofia ya jeshi. Leo wewe ni mwanangu tu, si koplo wa mtu.

Nyumba hii ya Naguru igawanyeni kama sheria ya dini inavyosema, wala asitokee wa kumfukuza mwenzake. Jirani yetu Sulaimani, aliyenong'ona kwamba waya wangu wa redio pale uani ni wa ujasusi, nimemsamehe. Mwambieni hivyo, na mkewe aendelee kuanikia nguo zake hapo, maana siku hizi waya ule hauna kazi nyingine kubwa.

Mnajua nilivyoupenda. Nikitoka kazini posta, kwenye simu ya upepo, nilikuwa nikiketi tena nyumbani mbele ya mtambo wangu mwenyewe na kugonga nukta na mistari, mpaka mtu nisiyemjua, daktari wa meno wa Uruguay au mvuvi wa Norwe, anijibu, tuulizane mvua na afya za watoto, kisha aniletee kadi kwa posta kuthibitisha kwamba tulisikilizana. Mama yenu, Mungu amrehemu, alinicheka: "Dawudi, hapa mtaani husalimii mtu, lakini wa Norwe unajua mwanawe ana surua!" Alisema kweli. Mimi si mtu wa maneno, na hewani maneno yalikuwa machache, ila jina la mtu ulilitaja herufi kwa herufi, lisipotee.

Aliyekaa meza moja nami pale posta ni Ochan, jina lake kamili Severino Ochan, Mwacholi aliyelelewa Kansanga miongoni mwa Waganda, na r na l zilimchanganya kama zinavyowachanganya wao. Tena si mdomoni tu. Katika kugonga, r ni nukta, mstari, nukta. L huongezwa nukta moja mwishoni. Na Ochan, akiandika Kiswahili, aliiongeza nukta ile pasipohitajika. "Habali zenu," ndivyo alivyogonga. Nikamwambia, "Ochan, kosa la ulimi nalielewa, lakini la kidole?" Akajibu, "Mzee, kidole changu nacho kimesomea Kansanga." Sisi wa kazi ile humjua mtu kwa mkono wake kama ninyi mnavyomjua kwa sauti, na mkono wa Ochan ningeutambua katikati ya radi.

Kisha mlikuwepo askari walipokuja kupekua. Yule mrefu alibandua kadi zangu ukutani, akauliza, "Mzee, huyu Sabini na Tatu ni nani? Iko kwa kila kadi. Ni mukubwa yenu?" Nikamwambia, afande, ni salamu, sisi huagana kwa namba hiyo. "Salamu ya hesabu? Unafikiri mimi mujinga?" Wakachukua kadi na mtambo wa kupeleka, ule wa kupokea wakauacha, mwenzake akisema hiyo ni ya kusikia mpira. Tangu hapo nasikia, sijibu.

Mwezi wa pili mwaka huu, Waacholi walipoanza kuchukuliwa na askari, Ochan hakuonekana tena, na kila mtu akasema amekufa. Jioni moja mwanamke akabisha mlango wangu. Nikampa ushungi, nikampa jina la mpwa wangu marehemu, nikawaambia ni mjane wa ukoo wetu kutoka Arua. Huyo aliyeketi nyuma yako, Kulusum, si Zubaida. Anaitwa Ayot, mke wa Ochan.

Faruk, usisimame. Ijumaa ulimtuma dada yako aniulize kama eda ya huyu Zubaida imekwisha, nami nikanyamaza, mkadhani ni ugonjwa. Hana eda, mwanangu, kwa sababu ana mume. Baada ya Ramadhani, Jumapili mchana, nilisikia mtu akiita kutoka Kisumu kwa jina la kituo cha mtu mwingine, na alichokigonga ni "Habali zenu Kampala". Akarudia, akangoja. Nami nilikuwa na masikio, sina mkono. Amekuwa akiita kila Jumapili. Hajui kama mkewe yu hai.

Najua unampenda, wala sikulaumu, hukujua. Lakini mke wa mtu ni sumu, na sasa umejua. Sikiliza basi. Sitafika Jumapili. Nikizikwa utapewa ruhusa ya msiba, na ni desturi yetu kupeleka habari ya kifo kwa ndugu zetu wa Kibos, pale Kisumu. Mpeleke Ayot huko wewe, umfikishe kwa mumewe. Vizuizi vya njia ya Busia havitamwachia mke wa Mwacholi, lakini vitampisha dada wa koplo aliyefiwa. Wakikuuliza huyu mama analia nini, jibu: baba amekufa. Utakuwa umesema kweli, nami sitaki mwanangu aseme uongo kwa ajili yangu.

Siwezi kukulazimisha. Maiti hana fimbo...

Nipe mkono wako, Faruk. Usiseme kitu. Nibane vidole tu, kama unakubali.

Haya. Nimepokea.

Mungu akulipe, Faruk, akupe mke ambaye hutamwona kwa wizi. Kulusum, Mungu akutunze. Funika miguu yangu... hapo. Ayot, binti yangu, karibia. Nikinyamaza, usizibe mdomo kama ulivyozoea humu ndani. Lia. Lia kwa nguvu, Sulaimani asikie, mtaa wote usikie, wapate kusema... mzee ana binti...