Upepo wa Juu Haujatumika

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matofali, chini kabisa ya daraja, hatua chache kutoka lango la karakana ya mashua. Ukikaa hapo magari yanakupitia juu ya utosi, mto unakupitia mbele ya magoti, na mambo ya dunia yanaamuliwa kabla dunia yenyewe haijanawa uso. Mwenyekiti asiyechaguliwa na mtu ni Nahodha Mkavu, mpaka rangi wa karakana. "Nahodha" alijipa mwenyewe. "Mkavu" aliongezewa na wenzake, maana amepaka matumbo ya mashua zote za mto huu na hajapanda hata moja ikiwa majini. Asubuhi hiyo alikuja na suruali iliyopigwa pasi. Shangazi yake ameuza duka la ushonaji ili anunue mashua ndogo ya tanga, yenye kijumba cha kulala ndani, azunguke nayo pwani mpaka achoke mwenyewe. Karakanani zinauzwa mbili: moja kuukuu, ya mbao, nyingine mpya, ya faiba. Na shangazi ameshatamka: atakayemchagulia vizuri ndiye atakuwa baharia wake. Nahodha akibabaisha, nafasi inakwenda kwa binamu yake, yule anayetapika hata kwenye basi.

— Mpya, alisema Nahodha kabla hajapuliza kahawa. Shangazi akifika namwambia mpya, kikao kimefungwa.

— Hakijafunguliwa, unakifungaje? alisema Randa. Randa ni seremala. Kwake kitu kisichotoka kwenye mti ni uvumi tu. Chukua ya mbao. Mbao imezaliwa ikinywa maji. Faiba itajulia wapi maji?

— Ya mbao inavuja, alisema Betri, fundi redio. Juzi mvua ilinyesha, nikachungulia ndani, nikaona bwawa.

— Sasa? Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Unainama, unachota, unamwaga.

— Hiyo methali haihusu kuchota maji.

— Mvunguni kuna nini? Kuna maji. Inahusu.

Dada Birika, mwenye kahawa yake, alimjazia Betri kikombe asimwage ugomvi.

— Ya kisasa ina kioo, aliendelea Betri. Kinakuonyesha ulipo, uendako, na kina cha maji chini yako. Unakiambia pa kwenda, unalala, unaamka umefika.

— Na kikiishiwa chaji?

— Kinachaji kwa jua.

— Na usiku?

— Usiku kinakumbuka. Kichwa hicho. Miaka michache ijayo kitakuwa kinakupangia hata abiria, kinawakataa wenye madeni.

— Hata hii kuukuu inakumbuka, alisema Randa. Mwenyewe wa kwanza alikuwa akisinzia inarudi nyumbani peke yake kama punda. Jungu kuu halikosi ukoko.

— Ukoko wenyewe nimeukwangua mimi, alisema Nahodha. Chini ya tumbo, wiki nzima, konokono watupu.

Akasimama, maana hoja yake ya leo ilikuwa haisemeki mtu akiwa amekaa.

— Sikilizeni, wanafunzi. Hamkutazama mlingoti. Ule wa mashua mpya ni mrefu kuliko ghorofa la benki. Kwa nini? Upepo wa chini umeshatumika. Umepita kwenye nguo za watu, kwenye majiko, kwenye pua zenu. Umechoka. Upepo wa juu ni mpya, haujaguswa na mtu. Tanga refu linakwenda kuuchukua hukohuko.

Hata Randa aliitikia kwa kichwa, kwa heshima kidogo, kabla hajakumbuka yuko upande gani.

— Halafu tazama mlingoti wa hiyo ya babu yenu. Una bawaba chini yake, kama mlango wa banda la kuku. Mlingoti gani unalala kama mgonjwa? Nimeupaka rangi mwenyewe, nikauonea huruma.

— Nyumba njema si mlango, alinong'ona Randa.

Wakati huohuo shangazi akawa anateremka ngazi za daraja, utepe wa kupimia bado uko shingoni, duka kaliuza lakini mazoea hayajanunuliwa. Wote wakasogea kumpisha.

— Shikamoo shangazi.

— Marahaba. Enhe, mwanangu, nichukue ipi?

— Mpya, shangazi. Nimeikagua mpaka mvunguni.

Shangazi hakukaa. Aliinua uso, akalitazama daraja.

— Nyumbani kwangu ni huko juu ya mto. Bahari iko upande ule. Mlingoti wake mrefu hivyo, hapa utapita wapi?

Lori lilipita juu, vumbi likadondokea vikombe. Betri alitazama tumbo la daraja kama mgeni, ilhali hukaa chini yake kila siku.

— Hata hapa ililetwa na lori, alijaribu.

— Ningetaka kusafiri kwa lori, baba, ningenunua lori.

— Maji yakipungua, alijaribu tena Betri.

— Yakipungua inakaa kwenye tope.

Nahodha hakuona daraja. Alimwona binamu yake amekaa kwenye nafasi yake, ameinamia maji, anatapika kwenye rangi aliyoipaka yeye. Halafu akaiona ile bawaba.

— Ndiyo maana, shangazi, nawaambia hawa tangu asubuhi: ya zamani.

Kahawa ilimpalia Randa.

— Mlingoti wake una bawaba, aliendelea Nahodha bila kupepesa jicho. Ukifika darajani unaulaza, unapita, unausimamisha upande wa pili. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Hiyo methali yangu.

— Uliivaa kinyume. Nimeigeuza.

— Sasa hivi si umeniambia mpya? aliuliza shangazi.

— Nilikuwa nakupima, shangazi.

Shangazi alimtazama kama anavyotazama kitambaa kabla hajakikata.

— Binamu yako nilimuuliza jana. Akasema mpya, nikamwonyesha daraja, mpaka leo anasema mpya. Wewe angalau upepo ukigeuka unageuka. Tutakwenda na ile kuukuu, na utaziba mwenyewe panapovuja.

Nahodha akawageukia wenzake, kifua mbele, akipokea pongezi ambazo hakuna aliyezitoa.

— Lakini niambie, baharia wangu, alisema shangazi. Kuogelea unajua?

Nahodha alinyanyua kikombe apate nafasi ya kufikiri. Kilikuwa kitupu. Akamnyooshea Dada Birika. Dada Birika akaliinamisha birika mpaka mdomo ukagusa kikombe. Halikutoa hata tone.

— Imekwisha, Nahodha, alisema. Jibu.