Bi Lata Hakutia Chumvi

Wasifu wa marehemu Bi Lata Jamnadas Thakkar, unaosomwa na ndugu yake wa kunyonya, Jokha binti Shaame

Marehemu Bi Lata, mke wa Bwana Harish Thakkar, alizaliwa Wete, Pemba, tarehe 14 Machi 1943. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Jamnadas, muuza vitambaa, na mkewe Bi Kanta. Alipozaliwa tu, mama yake alishikwa na homa ya uzazi na maziwa yakakauka. Nyuma ya duka lao, ua kwa ua, alikuwapo mama yangu, Bi Mwanamwema, ana kichanga cha wiki mbili mkononi. Kichanga hicho ndiyo mie. Mama akatupakata, mmoja kulia na mmoja kushoto. Walikuwapo waliosema, Baniani na Muislamu, inakuwaje hiyo? Mama akawajibu, "Njaa ya kitoto haina dini," akafunga mlango wake. Basi wanaojiuliza leo huyu bibi wa Kipemba na baibui lake anatafuta nini kwenye msiba wa Kihindu, jawabu ndilo hilo. Tumenyonya ziwa moja. Na wasifu huu unasomwa kwa Kiswahili kwa sababu mwenyewe ndivyo alivyousia. Wajukuu watatafsiriwa na mama yao Hansa hapo pembeni, taratibu jamani.

Baba yake alikodi mikarafuu kidogo kule Mtambwe, na msimu ukifika wachumaji wakija dukani wakimwita "tajiri". Mzee Jamnadas akiwaonyesha kaptura yake na kusema, "Tajiri gani huyu mwenye viraka?" Wakicheka wote. Maana kwetu tajiri si lazima awe na mali. Tajiri ni yule anayekupa kazi na kukulipa ujira wako, hata kama kaptura yake ina viraka. Lata alilijua neno hilo kabla hajajua kusoma, nami naomba mlishike, kwani litarudi.

Alisoma Wete mpaka darasa la nane, kisha mwaka 1957 akapelekwa Unguja kwa shangazi yake, akamaliza masomo ya sekondari mwaka 1961. Likizo akirudi Wete, baba yangu alikuwa akimkalisha barazani amsomee gazeti la Kiingereza na kumfasiria. Baba alikuwa mtu wa kupenda mambo makubwa. Akisomewa kwamba meli imechelewa, husema, "Basi tu? Haikuzama?" Lata hujibu, "Haikuzama, baba. Imechelewa." "Ongeza basi kidogo, mwanangu, ipate ladha." "Siongezi. Mkalimani hatii chumvi." Msichana wa miaka kumi na tano! Baba alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu.

Mwaka 1964 mambo ya Visiwani yalipogeuka, familia yake ilihamia Mombasa. Huko, tarehe 5 Desemba 1965, alifunga ndoa na Bwana Harish, kijana wa dukani aliyekuwa akiuza nyuzi na vifungo. Alimpenda. Nalisema mbele yake, yupo pale kiti cha mbele, asije akadhani ninayoyasema baadaye yanafuta hili. Mtoto wao wa kwanza, Nilesh, alizaliwa Mombasa mwaka 1967. Tarehe 21 Februari 1968, siku chache kabla sheria haijawafungia mlango watu wa Afrika Mashariki wenye asili ya Kihindi, walishuka uwanja wa ndege wa London na masanduku mawili. Walipata chumba kimoja Southall, na Hansa akazaliwa humo mwaka 1971. Mwaka uliofuata nilipokuja mie na mume wangu Abdulsamad, Allah amrehemu, aliyenipokea ni Lata. Alinishikia koti mkononi kabla hata hajaniamkia, akasema, "Vaa kwanza, salamu baadaye."

Mwaka 1974 Harish alifungua karakana ndogo nyuma ya barabara kuu. Alikuwa akikata vitambaa, halafu anavigawa majumbani, kwa wanawake wa Kigujarati, wa Kipunjabi na sisi Wazanzibari wachache. Tulishona mikono ya magauni na kola, tukilipwa kwa kipande. Hakuna likizo wala siku ya kuumwa, na moto wa kukanzia nyumba ni wako mwenyewe. Lata naye alishona. Cherehani yake ilikuwa sebuleni, na wakija wageni Harish alikuwa akimwambia aifunike kanga.

Mwaka 1980 sindano ilinipita kidoleni, ikakatikia ndani. Nikakaa wiki tatu mkono umefungwa. Sikupata hata senti, na kazi yangu akapewa mwengine. Nilimwendea Harish. Akaniambia kwa upole kabisa, "Dada Jokha, mimi si tajiri wako. Wewe unajifanyia kazi yako mwenyewe nyumbani kwako, mimi nakuletea kitambaa tu, kama jirani." Kama jirani! Nikamwambia jirani huleta mchuzi, haleti kola mia mbili.

Wakati huo kulikuwa na muswada Bungeni juu ya washonaji wa majumbani, ili wahesabiwe kuwa wameajiriwa, wapate haki za mfanyakazi. Kamati ya Bunge ilikuwa ikisikiliza maoni ya pande zote. Bi Parminder, mzaliwa wa Nairobi aliyekuwa akifanya kazi katika ofisi ya ushauri pale Southall, akaniomba nikaeleze habari ya kidole changu. Wenye karakana nao wakamchagua Harish awasemee. Lata akawa katikati, masikini, mume huku na ndugu huku. Harish alimtaka aahidi kwamba akija kwenye kamati, atakaa kimya, hatasema lake. Lata akaahidi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano, tarehe 11 Februari 1981. Chumba kikubwa, meza imepinda kama kwato ya farasi, Wabunge nyuma yake na majagi ya maji. Harish alitangulia. Alizungumza vizuri, amevaa tai. Aliwaambia wanawake hawa hawana muajiri, kila mmoja ni bosi wa nafsi yake. "Hata mke wangu anashona," akasema, "kwa kupitisha muda." Lata alikuwa amekaa pembeni yangu. Niliona anaitazama mikono yake.

Ikafika zamu yangu, na ikadhihirika kwamba mkalimani waliyemleta ni wa Kiurdu! Waliona Southall imeandikwa, mtaa wa Wahindi na Wapakistani, wakadhani wamemaliza. Yule bwana alinisikiliza, akatikisa kichwa, akakusanya makaratasi yake. Mwenyekiti akataka kuahirisha zamu yangu. Parminder akasema yupo hapa mtu anayejua Kiswahili na Kiingereza, na chumba kizima kikamgeukia Lata. Akageuka kumtazama mumewe. Harish hakutikisa wala hakuinua kichwa. Lata akasimama, akaja kukaa karibu yangu, akaninong'oneza, "Sema unachotaka kusema, Jokha. Mie nitakifikisha vilevile."

Nilieleza kidole. Alikifikisha. Mbunge mmoja mwanamke akaniuliza, nani anakupa kazi? Nani muajiri wako?

Nikasema, "Tajiri wangu ni Harish Thakkar."

Nilijua ninachokisema, na nilijua mzigo namtwika nani. Neno hilo lina njia mbili. Lata angeweza kusema mtu mwenye mali. Angeweza kusema mfanyabiashara, na hakuna hata mmoja pale ambaye angejua. Wabunge wangeandika kwamba bibi huyu anamjua mtu mwenye mali, Harish angetoka salama, na nyumbani kwake pangekuwa na amani. Lata akawageukia Wabunge. Kisha akasema kwa Kiingereza kile chake cha kunyooka: "My employer is Harish Thakkar." Muajiri wangu ni Harish Thakkar.

Mwenyekiti akauliza kama ndiye bwana aliyezungumza hivi punde. Lata akajibu, "Ndiye. Ni mume wangu." Yule Mbunge mwanamke akainama mbele, akamuuliza taratibu, "Na wewe, bibi? Wewe pia unashona. Muajiri wako ni nani?"

Lata akasema, "Mie hapa ni mkalimani tu."

Ahadi aliitimiza. Hakusema lake, alisema langu. Lakini jioni ile, alipompakulia mumewe dengu na chapati, Harish alionja tonge moja, akaisukuma sahani. "Tajiri ni mtu mwenye mali," akasema. "Ungesema hivyo. Wewe umetia chumvi." Nilikuwapo, nimekaa na watoto. Lata alichukua kijiko, akaonja dengu, akakirudisha.

Kuanzia siku ya pili alimpikia mumewe bila chumvi. Kikopo cha chumvi akakiweka mbele ya sahani yake, akamwambia, "Jipimie mwenyewe." Wageni walidhani ni shauri ya daktari. Nilesh, mtoto wa kujibu kwa Kiingereza hata ukimsalimu kwa Kiswahili, aliuliza kwa nini baba ana chumvi yake peke yake. Akaambiwa ale. Mnaweza kucheka, nasi tulicheka miaka mingi. Lakini mimi nilijua kilichokuwa ndani ya kikopo kile. Lata alitaka kitu kimoja tu kutoka kwa mumewe: alirudishe lile neno lake, kwamba ametia chumvi. Hakutaka zawadi wala maua, alitaka asikie kwamba alichosema ni kweli.

Muswada haukupita. Ulikwamia Bungeni, wala hakuna aliyetuletea habari, tulisikia kwa Parminder. Mwaka 1983 karakana ilifungwa na Harish akapata kazi uwanja wa ndege, kupanga vyakula vya abiria. Msimu mmoja wa baridi alishikwa na kifua, akalala wiki nzima. Aliporudi kazini alinipitia mlangoni, amesimama na kofia mkononi. "Jokha," akasema, "wamenilipa siku nilizoumwa." Nikamwambia, "Usiniambie mie. Kamwambie Lata." Akaitazama njia, akasema atamwambia. Hakumwambia.

Marehemu naye alipata kazi yake. Kuanzia mwaka 1985 mpaka alipostaafu mwaka 2008 alikuwa mkalimani, kwenye mahakama, zahanati na ofisi za nyumba. Leo yuko Stratford na mama wa Kikongo, kesho Thamesmead na familia iliyotoka Unguja. Watu walimpenda kwa sababu hakuwaongezea wala hakuwapunguzia. Mtu akitukana, alilitafsiri tusi. Jaji mmoja aliwahi kumwomba alainishe kidogo, akakataa. Nyumbani kwake tu ndiko alikoshindwa kusamehe apumzike, maana kila usiku alirudi kukiweka kile kikopo mezani. Harish naye kila usiku alijipimia. Lo, wawili hawa! Walilala kitanda kimoja, wakazika wazazi pamoja, wakaoza watoto, na neno moja likakaa katikati yao miaka thelathini na minane.

Tarehe 9 Januari mwaka huu wa 2019 Lata alipatwa na kiharusi jikoni. Alipozinduka hospitali, Kiingereza kilikuwa kimemtoka chote. Kigujarati kikafuata. Kilichobaki ni Kiswahili cha Wete, kile cha uani kwetu. Hansa alilia sana, kwa kuwa anakifahamu lakini hawezi kukijibu. Wauguzi wakawa wananiita mie, na Kiingereza changu hiki cha sokoni. Nikawa mkalimani wa mkalimani.

Alhamisi ya mwisho ya mwezi ule daktari kijana alikuja kupima kumbukumbu zake. Akamwonyesha Harish, aliyekuwa amekaa upande wa dirisha, akasema, muulize huyu ni nani. Nikamuuliza. Lata alimtazama mumewe. Halafu akasema, kwa sauti ndogo lakini wazi:

"Tajiri wangu."

Jamani! Nikamwambia daktari, anasema ni mume wake. Nilifikiri namsitiri mzee wa watu. Harish akainua kichwa. "Hapana, Jokha," akasema. "Tafsiri sawasawa." Nikatafsiri. Daktari akatabasamu kwa huruma, akaanza kuandika kwamba mgonjwa amechanganyikiwa. Harish akamshika mkono wenye kalamu. "Hakuchanganyikiwa," akamwambia. "Aliulizwa swali hili zamani, na leo amelijibu. Nilikuwa muajiri wake. Alinifanyia kazi, na wenzake pia." Kisha akamsogelea mkewe, akapiga magoti chini, mzee wa miaka themanini na magoti yake mabovu, akasema kwa Kiswahili, "Hukutia chumvi, Lata. Siku ile hukutia chumvi."

Lata akasema, "Haya. Nimesikia."

Kesho yake Harish alikuja na kichuri alichokipika mwenyewe, mchele na dengu, amekibeba kwenye chupa ya kuhifadhi joto. Akamlisha kijiko kimoja. Lata akakunja uso. "Mbona kimepooza?" akasema. "Tia chumvi, bwana." Harish alitoka mbio kwenda kuomba chumvi kwa wauguzi, akilia na kucheka korido nzima, watu wanamshangaa. Ndiyo maneno ya mwisho aliyoyasema kwa ukamilifu. Alifariki dunia alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Februari 2019, mkono wake mmoja kwa Hansa na mmoja kwangu.

Marehemu ameacha watoto wawili, Nilesh na Hansa, wajukuu wanne, na ndugu mmoja wa kunyonya ambaye hajui kesho ataongea na nani. Ameacha pia mume. Nilipokuwa ninaandika hapa, Harish alinitaka niandike hivi, na niwatafsirie wasiojua Kiswahili bila kupunguza: ameacha mume wake, Harish Thakkar, aliyekuwa tajiri wake na hakukiri mpaka wiki ya mwisho.

Tukitoka hapa mnakaribishwa nyumbani Southall. Nyumba ya msiba haiwashi moto, kwa hivyo nimepika mie, mboga tupu kama desturi yao. Kikopo hamtakikuta mezani. Chumvi nimeitia mwenyewe sufuriani, ya kutosha, na Harish atakula chungu kimoja na sisi.

Pumzika kwa amani, Lata wangu. Umefikisha vilevile.