Fyuzi Mfukoni mwa Bomba

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja kidogo. Leo tunamkumbuka fundi umeme ambaye mtaa mzima ulimwita Bomba. Hakuwa mnene, msicheke. Aliitwa Bomba kwa sababu hakukubali kuacha waya wazi ukutani. Kila waya aliupitisha ndani ya bomba la plastiki na kulibana kwa klipu, mbali na majembe, ngazi na milango ya magari. Mwenye nyumba akinung'unika, alijibiwa: "Msumari ni wa mbao, bwana. Waya haupigiliwi msumari."

Na kabla ya kugusa waya wowote, Bomba aling'oa fyuzi kuu na kuitia mfukoni mwa shati. Nasema tena: aling'oa fyuzi, akaitia mfukoni. "Ikiwa kwangu," alimwambia mkewe, "hakuna wa kunirudishia umeme kwa bahati mbaya."

Lakini nyumbani kwake mambo yalikuwa mengine. Gerejini kulikuwa na waya mmoja uliotambaa ukutani, umeshikwa na misumari iliyokunjwa. Aliuweka mwaka walipohamia, akasema ni wa siku mbili tatu tu. Watoto wakakua, wakaondoka, waya upo palepale. Mdogo wake alikuwa akimtania: "Kaka, hivi hapa kwako fundi ni nani?" Bomba alicheka mpaka machozi.

Jumamosi ile hatimaye alileta mabomba yake mwenyewe. Aliyaegemeza ukutani huku akipiga mluzi. Mkewe alikuwa sebuleni, anapiga pasi sare za wajukuu. Bomba akachungulia mlangoni.

"Mama, nazima umeme."

"Subiri kidogo, baba. Nimebakiza mashati mawili."

Hakubisha. Alirudi gerejini, na inaonekana aliona aanze tu na kung'oa misumari. Mmoja ulikuwa umeshakula ganda la waya. Mkono wake wa pili ulikuwa umeshika rafu ya chuma.

Mkewe alisikia kishindo, pasi ingali mkononi. Alimkuta sakafuni. Alikimbia kuzima umeme kwanza, kama mumewe alivyomfundisha, ndipo akamshika. Bomba alikuwa ameshafariki.

"Hospitali walinirudishia shati lake," mama huyo alituambia. "Nikatia mkono mfukoni. Sijui nilitafuta nini. Nilijua hamna kitu."

Tulimwambia si kosa lake. Wanawe wamemwambia hivyohivyo. Hasikii la mtu. Mashati yale mawili hayajapigwa pasi mpaka leo.

Mama, poleni sana wewe na wanao. Pole na wewe, mdogo wa marehemu, uliyebaki na mzaha usio na wa kuucheka.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, nendeni mkaangalie ukuta wa gereji. Mkiona waya juu ya msumari, msiuguse, mwiteni fundi. Na fundi akisema anazima umeme, mama ameomba niyaseme maneno yake kama yalivyo: "Mwacheni azime. Nguo zitavaliwa hivyohivyo na mikunjo yake."