Mama Annah na Kaktasi Iliyopelekwa Nchi ya Mvua

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni, Bi. Annah Muhonja anavua aproni yake ya kijani na kustaafu, baada ya miaka ishirini na mitatu katika Kitalu cha Miiba Mizuri, hapa kwetu Mowlem, Nairobi. Sisi tunamwita Mama Annah. Vijana wanaotuletea changarawe kutoka Kayole humwita Mathe, na mwenye kitalu, Bwana Kahin, humwita daktari, hasa akiwa na kazi ngumu ya kumtuma. Mimi nimeambiwa niandike habari zake kwa kuwa eti ndimi ninayeongea sana hapa kazini. Haya basi, nisilaumiwe.

Alipoajiriwa, kitalu hiki kilikuwa cha waridi na miche ya miti. Kaktasi zilikuwa mikebe michache iliyosukumwa nyuma karibu na choo, na wateja wakizipita walivuta watoto wao pembeni. Mama Annah aliletwa amwagilie waridi maji. Kilichomsumbua ni kwamba waridi alizozihangaikia asubuhi na jioni zilikuwa zikinyauka, na ile mikebe ya nyuma ambayo hakuna aliyeijali ilikuwa imenona. Akaihurumia kaktasi moja, akaileta mbele, akainywesha maji kama waridi. Ikaoza.

Mtu mwingine angeitupa na kusahau. Yeye alichukua kisu cha jikoni akaipasua katikati ili aone ilikufa kuanzia wapi. Ndipo alipogundua kwamba uozo ulianzia kwenye mizizi ukapanda juu, wakati ngozi ya nje bado ilikuwa kijani na nzuri ya kudanganya watu. Tangu hapo hakuna mmea unaokufa hapa ukatupwa bila kupasuliwa kwanza. Wageni wakimkuta na kisu chake hudhani anatayarisha mboga.

Kile kisu hakikumsaidia na fumbo la Pipeline, hata hivyo. Wateja kutoka magorofa ya mtaa wa Pipeline walikuwa wakirudi na kaktasi zilizolainika kama ndizi mbivu, nao wote waliapa kwamba hawakuzimwagilia ovyo. Mama Annah alifunga safari akaenda kumtembelea mteja wetu mmoja, Batulo, mwenye duka la mashuka, akakaa kwake kutwa nzima akinywa chai na kuangalia. Siku hiyo ilikuwa siku ya maji, maana huko mfereji hutoka siku chache tu kwa wiki. Mfereji ulipoanza kutoa sauti, jengo zima lilisimama: mitungi, ndoo, sufuria, beseni, chochote chenye mdomo kikajazwa. Batulo alipomaliza vyombo vyote, akaijaza na kaktasi dirishani, bila hata kuitazama. Mama Annah anasema alicheka mpaka chai ikamwagika. Watu wa Eastlands, upande huu wa mashariki wa jiji, hatuwezi kuuona mfereji ukitoka tukaacha chombo kikavu, na chungu cha kaktasi ni chombo.

Kwa hiyo hakuwaambia watu wapunguze maji, maana nani angemsikia? Aliwafundisha kuinua chungu kama wanavyoinua mtungi wa gesi kujua kama umeisha. Kikiwa kizito, kiachwe hata kama mfereji unatoka mto mzima. Siku hizi ukipita Pipeline utaona watu wakipima vyungu mkononi kwa sura ya mtu anayenunua nyanya.

Jambo jingine alilotuachia ni subira ya kidonda. Kipande cha kaktasi kikikatwa, yeye hukilaza juu ya rafu mahali pakavu, bila udongo wala tone la maji, hadi alama ya kisu ifunge na kuwa ngumu. Bwana Kahin hakuwa akipenda kuviona vikilala hivyo. Mwaka fulani Mama Annah alipokwenda likizo, mzee wetu huyu mwenye huruma alivichukua vyote akavipanda kwenye udongo mbichi na kuvipa maji ya kutosha. Mama Annah aliporudi alivikuta vyote vimeoza. Alimkabidhi tajiri kisu avipasue mwenyewe, kimoja baada ya kingine. Siku hizi Bwana Kahin huomba ruhusa kabla ya kugusa kitu katika kitalu chake.

Leo nusu ya kitalu ni kaktasi, mishubiri na jamaa zao wote wanaoweka maji mwilini, na hiyo ni kazi ya mikono yake. Lakini mtu wetu anastaafu kwenda wapi? Maragoli, nyumbani kwake magharibi mwa Kenya. Huko mvua hunyesha karibu kila alasiri, na kwa muda mrefu hili limekuwa donda lake. Kila alipotuma kipande nyumbani kilioza. Alijaribu chini ya paa, kikaoza. Alijaribu kwenye gunia la mchanga mtupu, kikachukua muda zaidi, halafu kikaoza. Aliniambia waziwazi kwamba anaogopa: ameishi na mimea hii muda mrefu kuliko alivyoishi na mtu yeyote, na hajui ataamka asubuhi afanye nini ikiwa huko hakuna hata mmoja.

Tena nyumbani hatakaa peke yake. Boma hilo limetunzwa miaka yote na wifi yake Kageha, dada ya marehemu mumewe, na wawili hawa hawajawahi kukaa chini ya paa moja zaidi ya Krismasi na matanga. Kageha ana utaratibu wake, na hapendi ukiguswa.

Krismasi iliyopita mvua ilikatika, na Mama Annah akaona kwamba mwamba mkubwa ulio kando ya nyumba umekauka kabla chai haijachemka. Akazunguka mwamba huo siku nzima. Akapata ufa, akaujaza kokoto na changarawe aliyoibeba kwenye mkoba kutoka Mowlem, akazipanga kwa mteremko maji yasituame, akapanda kaktasi moja ndefu yenye mbavu. Shida ni kwamba ule mwamba ndipo Kageha anapoanika maharagwe na mihogo. Kageha alisema mwamba ni wa chakula, si wa miiba, na kwamba hataki kuchomwa mikono kwake mwenyewe. Mama Annah alirudi Nairobi bila kujua kama ataikuta.

Masika yalipoanza, kitalu kizima kilikuwa na kaktasi hiyo akilini. Bwana Kahin aliuliza habari zake kila Jumatatu kama mtu anayeuliza hali ya mgonjwa. Mama Annah alipiga simu, akasalimiwa vizuri, akaambiwa habari za ng'ombe na za kanisa. Kaktasi haikutajwa, naye aliogopa kuuliza. Machi ikapita, Aprili, Mei. Akaanza kutugawia vifaa vyake, akisema huko hatavihitaji. Mimi nilipewa kile kisu, na nilikipokea kwa moyo mzito.

Wiki ya kwanza ya mwezi huu simu yake ikaingia picha. Ilinyesha miezi mitatu, na kaktasi imesimama pale ufani, ngumu, na kilele kipya cha kijani kibichi juu yake. Tulipokezana simu hadi ikakaribia kuisha chaji. Mama Annah aliikuza picha kwa vidole, akatuonyesha kitu ambacho sisi sote tulikipita. Maharagwe ya Kageha yalikuwa yameanikwa chini uani, juu ya turubai, kuku wakiyavizia. Mwamba wote ulikuwa mtupu. Kaktasi ilikuwa imezungushiwa mawe madogo yaliyopangwa kwa mkono, na Mama Annah hakuyapanga yeye.

Kwa niaba ya kitalu, Mama Annah, asante kwa macho yako, kwa udadisi wako, na kwa kutufanya tuipende mimea ambayo ulikuta imesukumwa nyuma karibu na choo. Tutakukosa sana, na sioni haya kusema nimelia. Pumzika kwa afya na furaha, na Mungu akujalie miaka mingi ya jua la kutosha.

Chini ya picha ile Kageha alikuwa ameandika swali moja: huyu mtu wako wa miiba anapenda jua la asubuhi au la jioni? Mama Annah hajamjibu. Anasema hilo si swali la kujibiwa kwenye simu. Wataketi wote wawili pale mwambani, wamtazame huyo mtu wa miiba asubuhi na jioni.

Leyla Sharmarke, kitengo cha mauzo