Zulia Safi la Mama Kandida

Wasikilizaji wapendwa, kama uji uko jikoni, uteremsheni kwanza. Leo tunamkumbuka Mama Kandida wa Viwanja Sitini, hapa Ifakara. Mama Kandida, yule mwenye zulia jekundu. Tumemzika juma lililopita, katikati ya mvua hizi za elinino.

Zulia lile alinunuliwa na mumewe, Mzee Alfonsi wa reli. Mzee alipofariki mwaka tisini na tano, waombolezaji walilala juu ya zulia hilo siku zote za matanga. Likabaki na matope, mafuta, hata harufu ya samaki. Binti yao Tekla, anayeishi ng'ambo ya mto kule Mahenge, akamleta fundi wa kuosha mazulia kutoka Morogoro na mashine yake. Weee! Zulia likarudi jipya.

Fundi akaacha maagizo. Likauke kabisa kabla ya kukanyagwa. Viatu vibaki nje. Kila juma litolewe nje lipigwe fimbo. Kitu kikimwagika, kandamiza kwa kitambaa kikavu, usisugue. Mama Kandida akayashika kama katekisimu. Mlangoni akaweka ndoo ya maji ya kunawa miguu, kata na kipande cha kanga.

"Nalitunza kwa ajili ya wageni," alimwambia Tekla. "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nyumba imekuwa kimya mno, mwanangu."

Lakini ninyi mnaujua udongo wetu wa bondeni. Masika haukuachii mguu! Nani amalize ndoo nzima kwa ajili ya salamu tu? Watu wakaanza kusalimia wakiwa nje.

"Shikamoo mama. Leo siingii, nimetoka mpungani."

"Marahaba, mwanangu." Basi, mtu kaenda zake.

Aliyebaki kuingia ni jirani yake, Mbuke. Naye siku moja kikombe kikamponyoka. Mwenyewe amenisimulia: "Alisema, 'Kaa, mwenzangu, ni chai tu.' Lakini alishapiga magoti, anakandamiza na kitambaa. Nikaona aibu. Tangu siku ile nikawa naishia kizingitini."

Mama Kandida hakujua amwiteje tena. Jioni alikaa peke yake pembeni ya zulia, kwenye saruji, asije akalichafua. Kwenye saruji, wapendwa! Inaniuma hata kuisema.

Homa ikamchukua upesi. Mbuke alishtuka alipoona ile ndoo imefurika maji ya mvua na hakuna aliyeimwaga. Akasukuma mlango. Alikuwa amechelewa.

Habari ikaenea, watu wakaja. Wengine kutoka Mang'ula, wengine kwa kivuko, matope hadi magotini. Kina mama wakasita mlangoni. Mbuke akainama kulikunja zulia. Tekla akamshika mkono.

"Liache, mama mdogo. Aliwawekea ninyi. Ingieni na miguu hiyo hiyo."

Wakaingia. Wakabanana hata sinia halikupita. Mbuke akakaa pale pale alipomwaga chai. "Kandida, nimeingia," akasema, akalia mpaka sauti ikakauka.

Tekla, na ukoo wote, poleni sana. Mungu awafute machozi. Tekla anasema fundi hamwiti tena. Matope yale yabaki.

Nasi tuliobaki, kila mmoja anaye mtu mtaani ambaye humsalimia kutoka nje. Nenda leo. Ukiambiwa nawa miguu, nawa, usinune. Kisha ingia, ukae.